Jaketi la fundi umeme: shajara ya kazi, Lubumbashi

9 Juni

Naanza kuandika kwa sababu ya bisibisi.

Jana nilikuwa mtaa wa Bel-Air, kwenye nyumba yenye betri nne za sola zilizopangwa chini ya ngazi, kila moja volti 12, zote zimeungwa kwa mfuatano kufikia 48. Nikainama kuangalia kebo iliyokuwa nyuma. Bisibisi ikachomoka mfukoni, ule mfuko wa kifuani wa ovaroli ulio wazi mdomo, ikalala juu ya betri, ncha kwenye chanya na shingo kwenye hasi. Sikuiona ikianguka. Niliona mwanga tu. Betri ya namna hiyo ikiguswa pande zote mbili kwa chuma haikuulizi kitu: inamwaga mamia ya ampea papo hapo. Ncha ya bisibisi ilibaki imeliwa kama muhogo uliotafunwa na panya. Mimi nilibaki na vidole vyote kumi, nikavihesabu.

"Fundi, kuko nini kule?" mama mwenye nyumba aliita kutoka jikoni.

"Hakuna kitu, Mama."

Usiku sikulala vizuri. Kwanza nilijilaumu mimi, kisha nikaulaumu mfuko, na kadiri nilivyofikiri ndivyo mfuko ulivyozidi kuwa na hatia. Ulishonwa kwa ajili ya mtu aliyesimama wima mbele ya mpiga picha. Mimi sisimami. Naketi kwenye pikipiki, napiga magoti, nalala chali chini ya dari, naning'inia kwenye ngazi. Nguo haijui hilo hata kidogo.

Basi nimeamua kushonesha jaketi langu mwenyewe na mkoba wa kwenda nao. Masharti ni matatu. Kitu kisianguke nikiinama. Mkono ukipate gizani, maana fundi umeme huitwa pale ambapo hakuna taa. Na nguo iwe moja tu: niipande nayo pikipiki, nifanyie kazi, niingie nayo sebuleni kwa mteja bila kubadilisha.

16 Juni

Wiki nzima nimejihesabu. Kila nikitoa kitu, nachora mstari kwa kalamu kwenye kipande cha katoni kilichofungwa kwenye tangi la pikipiki. Vijana wa pale ninapoegesha walidhani ni hesabu ya deni.

Kwanza uzito. Nilimwaga vitu vyangu vyote kwenye mizani ya dukani kwa jirani: bisibisi mbili, testa, koleo, kisu cha kuchunia waya, spana mbili, multimita, tepu, kurunzi ya kichwani, simu, betri ya akiba ya simu, funguo, daftari la risiti, kalamu, kadi ya mpiga kura, pesa. Kilo 2 na gramu 400. Jirani akauliza kama nauza.

Halafu mistari. Simu inaongoza kwa mbali sana, inafuata testa, halafu koleo, halafu kurunzi. Multimita inatoka mara chache lakini ikitoka inakaa nje muda mrefu. Tepu mara tatu kwa siku. Spana ya nambari 19 haikutoka hata mara moja wiki nzima, nami nimeibeba miaka mitatu! Nimeitoa. Bisibisi ya pili nimeitoa pia, nitatumia yenye ncha za kubadilisha. Tumeshuka chini ya kilo mbili kabla hatujakata kitambaa.

Kitu nilichokiona kwenye katoni ambacho sikukitarajia: testa na koleo hutoka pamoja karibu kila mara. Lakini siku zote nilivibeba pande tofauti, kwa sababu hivyo ndivyo ovaroli ilivyo, mfuko huku na mfuko kule, usawa wa kupendeza macho. Mkono wa kulia unatoa testa, halafu wa kushoto unahangaika na koleo huku wa kulia umejaa. Usawa huo haunisaidii kitu.

23 Juni

Nimempata mshonaji. Yuko Kamalondo, chumba cha mlango mmoja, cherehani ya mguu iliyo nzee kuniliko. Nilipofika umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima na yeye alikuwa anaendelea kushona kama kawaida. Ovaroli za watu wa migodi amezishona tangu mkoa huu ukiitwa Shaba. Namwita Papa, naye ananiita mutoto, ingawa nina watoto wawili.

Alinipima nimesimama. Nikamwambia: Papa, hapana, nipime nikiwa kwenye pikipiki. Akaniangalia, akavaa miwani, akatoka na utepe wake barabarani. Watoto wakajaa. Nikaketi, nikashika usukani, akapima tena. Mgongo uliongezeka sentimita 6, mkono sentimita 4. Ndiyo maana kila jaketi nililowahi kuvaa huacha kiuno wazi kwa baridi ya Juni na kupandisha mikono hadi karibu na kiwiko.

Kisha mifuko. Nilifumba macho nikiwa nimeketi vilevile, nikaacha mkono wa kulia uende kifuani wenyewe, bila kuufikiria. Pale ulipotua alitia alama ya chaki. Mara tano. Alama zote tano zililala mshazari, kama mteremko wa paa, mdomo ukielekea katikati ya kifua. Hakuna hata moja iliyolala sawa na ardhi.

Nilikumbuka nimeshawahi kuona mfuko wa namna hiyo. Jaketi za pikipiki za Barbour, kampuni ya Uingereza ya tangu 1894, ambazo asili yake ni suti ya mashindano ya pikipiki ya 1936, zina mfuko wa kifuani upande wa kushoto uliokaa kombo hivyohivyo. Mtu anayeuona leo dukani anadhani ni pambo, au kwamba mshonaji alikunywa. Ulikuwa wa ramani, kwa mtu aliyeketi. Kumbe mwili wa mwendesha pikipiki wa Uingereza na wangu mimi wa mtaa wa Katuba unaandika mstari uleule.

Nyingine ninayoipenda ni ya Massimo Osti, Mwitaliano wa kampuni ya mavazi ya C.P. Company. Mwaka 1988 alitengeneza jaketi kwa ajili ya mbio za magari ya zamani za Mille Miglia, lenye miwani kwenye kofia na kidirisha kwenye mkono wa nguo ili dereva aisome saa yake bila kukunja mkono. Watu hukumbuka miwani. Mimi nakumbuka kidirisha, kwa sababu kinajibu swali la kweli: mikono yote miwili ina kazi, saa nitaionaje?

7 Julai

Jaketi la majaribio limeshonwa kwa shuka kuukuu. Maua ya waridi mgongoni. Nimelivaa alfajiri kwenda nalo hadi Ruashi na kurudi, baridi ile ya Julai inayouma masikio, na watu wamecheka vya kutosha.

Kasoro ya kwanza: nikinyoosha mikono juu kama niko kwenye dari, jaketi lote linapanda na tumbo linabaki nje. Mimi nilitaka kwapa lishushwe, lipanuliwe, mkono upate nafasi. Papa akakataa katakata. Akasema ni kinyume chake, kwapa likiwa chini mkono unavuta nguo yote, kwapa likiwa juu na dogo mkono unajivuta wenyewe. Sikuamini. Akapandisha kwapa sentimita 3, akatia kipande cha pembe nne chini yake, chenye umbo la almasi, nikainua mikono, na pindo la chini halikusogea hata kidole kimoja. Nilirudia mara nne kama mjinga. Kipande kama hicho kimeingia na kwenye suruali, chini ya msamba, kwa hiyo sasa napiga magoti bila kusikia ule mlio wa kuchanika ambao kila fundi anaujua.

Tumeamua kitambaa. Nilikwenda sokoni nikitaka polista nyepesi inayokauka haraka, kama nilivyoona kwenye video za watu wa ng'ambo. Nikiwa njiani nikakumbuka ule mwanga wa Bel-Air. Polista na nailoni vikipata joto haviungui kwanza, vinayeyuka, na vikiyeyuka vinaganda kwenye ngozi. Kwa mtu anayeinamia betri hilo halifai. Nimetafuta drili, kile kitambaa kizito cha nguo za kazi, ya pamba tupu. Muuzaji wa kwanza aliapa ni pamba. Nikavuta nyuzi mbili, nikaziwasha kwa kiberiti. Pamba huungua ikanuka karatasi na kuacha jivu laini. Yake ilijikunja ikawa shanga nyeusi ngumu. Ovaroli nyingi ni mchanganyiko huo, polista asilimia 65 na pamba 35, nzuri kwa kufua na kuanika lakini si kwa cheche. Duka la nne ndilo lililotoa jivu.

21 Julai

Leo ni siku ya shaba, na nimefurahi mno.

Pembe za mifuko ndizo zinazochanika kwanza, hilo halina ubishi. Mwaka 1873 Jacob Davis, mshonaji wa Reno huko Nevada, pamoja na Levi Strauss aliyekuwa akimuuzia kitambaa, walipata hataza ya Marekani ya kuimarisha pembe hizo kwa ribiti za shaba. Ndizo zile zilizopo kwenye jinzi mpaka leo. Sasa, mtu wa Lubumbashi anasoma habari hiyo, anatazama lile lundo jeusi la takataka za kiwanda na bomba lake la moshi, alama ya mji wetu, anajiuliza: ribiti za shaba ziwe za Nevada, sisi tukiwa wapi? Huku watu walikuwa wakiyeyusha shaba na kuifanya misalaba ya kununulia vitu kabla reli haijafika hapa mwaka 1910.

Nina mabaki ya waya mnene, milimita za mraba 6, zaidi kidogo ya milimita 2.7 kwa upana ukiuchuna. Niliupasha moto hadi ukawa mwekundu, nikautumbukiza majini. Shaba haifanyi kama chuma cha visu, ukiipoza ghafla inabaki laini. Nikakata vipande, nikavipigia vichwa kwa nyundo kwenye tundu la bamba la chuma. Vinane vilipinda, kumi na viwili vikatoka vizuri. Papa akavigonga kwenye pembe za mifuko sita. Jaketi la rangi ya khaki, ribiti nyekundu zinazong'aa. Nilipita nalo mjini makusudi, barabara nisiyokuwa na kazi nayo.

11 Agosti

Vumbi.

Asiyejua Agosti ya Lubumbashi afikirie unga wa matofali uliochekechwa, unaoelea. Unaingia kwenye masikio, kwenye mkate, kwenye inveta za wateja, zile mashine za kugeuza umeme wa betri uwe wa nyumbani (nusu ya kazi zangu za mwezi huu ni kupuliza vumbi), na umeingia kwenye kila kifungo cha jaketi.

Vifunikio vya mifuko tulivitia Velcro. Uvumbuzi mzuri, wa George de Mestral wa Uswisi aliyetazama mbegu zilizonasa kwenye manyoya ya mbwa wake. Lakini mbwa yule hakuishi Katuba. Kufikia wiki ya tatu upande wa kulabu ulikuwa umejaa vumbi, nyuzi na manyoya ya paka wa mteja mmoja, haunasi tena. Na hata uliponasa ulikuwa na dosari nyingine: kelele. Nilikuwa kwenye nyumba yenye msiba, nafunga taa za uani kimyakimya, nikafungua mfuko mara moja, wazee wote wakageuka.

Zipu nazo zina tabia zao. Namba iliyochapwa nyuma ya kitelezi, 3, 5, 8 au 10, ni takriban upana wa meno yakiwa yamefungwa, kwa milimita. Tulikuwa tumeweka za 3 kwenye mifuko kwa sababu zilikuwa nyembamba na nzuri, mbili zimeshang'oka. Nimebadilisha zote kuwa 5, na ya mbele kuwa 8. Kuhusu meno: ya chuma yanakwaruza na kushika ladha ya mchanga, ya plastiki iliyofinyangwa jino moja moja yanavumilia vumbi vizuri ila jino likivunjika ndiyo basi, na ya nailoni iliyosokotwa kama springi yanasamehe sana: yakiachana unarudisha kitelezi na kuanza upya. Nimechagua ya springi. Nayapaka mshumaa kila Jumapili.

Herufi YKK ni kifupi cha jina la Kijapani la kampuni ambayo Tadao Yoshida aliianzisha Tokyo mwaka 1934. Sokoni kwetu herufi hizo ziko juu ya kila kitu, kwa hiyo mimi sisomi herufi: nafungua na kufunga mara ishirini mbele ya muuzaji mpaka achoke.

Badala ya Velcro mifuko ya kifuani sasa ina kitu cha kizamani kabisa. Mdomo umekunjwa ndani kama kona ya bahasha, kiasi cha vidole vitatu. Mkono unaingia kwa kuteleza chini ya mkunjo. Bisibisi ikitaka kutoka yenyewe inagonga dari ya kitambaa. Niliinama, nikaruka, nikalala kichwa chini kwenye ngazi ya nyumbani huku mke wangu akinishika miguu na kuuliza kama kazi hii inalipa. Hakikuanguka kitu. Hakuna kifungo, hakuna kelele, na vumbi halina pa kunasa.

1 Septemba

Ribiti nimezing'oa zote.

Kwanza zilianza kuwa kijani. Jasho na shaba havipatani, na pembe za mifuko zikapata doa la rangi ya majani ambalo halikutoka kwa sabuni yoyote. Hilo ningelivumilia. Lakini juzi, Kampemba, niliinama juu ya betri, mkono wangu ukiwa umetangulia kuusukuma mfuko wa chini usiguse, na nikajishangaa: kwa nini nasukuma? Kwa sababu pembeni ya mfuko kuna shaba. Nilikuwa nimeanza kazi hii kwa kuogopa kipande kimoja cha chuma kuangukia betri, na sasa nilikuwa nimevishonea kumi na viwili kwenye nguo yangu, tena vya chuma kinachopitisha umeme kuliko karibu vyote, kwa kiburi cha kuzaliwa mji wa shaba.

Nilimpelekea Papa. Alizitazama, akanitazama.

"Mi nilijua," akasema. "Lakini weye ulikuwa na furaha mingi."

Nilimuuliza kwa nini basi hakusema. Akasema ovaroli ya mafundi umeme wa mgodini haikuwahi kuwa na kifungo cha chuma kilicho wazi. Kilifunikwa na kitambaa siku zote, kila mshonaji alilijua hilo, na yeye alidhani fundi umeme naye analijua. Sikuwa na jibu. Pembe sasa zimefungwa kwa uzi, zigzagi ya karibukaribu yenye urefu wa sentimita moja, sindano ikipita mara ishirini na kitu mahali pamoja. Uzi wa polista, si wa pamba, maana pamba huoza kwa jasho. Uzi peke yake ni kidogo sana, ukiyeyuka hautaniunguza. Vitelezi vya zipu vimefunikwa na ukanda wa kitambaa. Ribiti kumi na mbili ziko kwenye chupa ya nyanya juu ya kabati.

Jaketi sasa halina kinachong'aa isipokuwa mkanda unaorudisha mwanga, sentimita 5 kwa upana, uliokatwa kwenye fulana kuukuu ya mgodini. Nimeuweka chini ya pindo la nyuma. Nikiwa nimesimama kwa mteja umejificha. Nikiinamia usukani, pindo linashushwa, na gari la nyuma linaniona. Hili nililifikiria mwenyewe na sitalinyamazia.

29 Septemba

Mkoba umechukua mwezi mzima na nitaueleza kwa kifupi kuliko unavyostahili, kwa kuwa wazo lake ni moja tu: uzunguke.

Begi la mgongoni ni zuri mpaka ushuke kwenye pikipiki kwenye soko la Kenya, mtaa wa hapahapa Lubumbashi, ambako mgongo wako si mali yako. Na kila ukitaka kitu lazima ulivue. Mkoba wa mkanda mmoja unaopita begani unakaa mgongoni ukiendesha, unauvuta mbele ukiingia kwenye watu, unauachia tumboni ukiwa juu ya ngazi na unakuwa meza. Kwa hiyo zipu yake lazima ifunguke upande ule ambao ni juu pale mkoba unapokuwa tumboni. Jaribio la kwanza tulikosea upande; nilifungua kwenye ngazi na multimita ikaning'inia kwa waya wake.

Kitambaa ni cha begi la mtumba lililokufa zipu, nailoni nzito. Unene wa nyuzi hizi hupimwa kwa denia, yaani gramu za mita 9,000 za uzi. Uzi wa denia 1,000 una kilo moja kwa kilomita 9. Ukiunyoosha kutoka hapa hadi Kasumbalesa mpakani una kama kilo 10. Hapa nailoni inakubalika: mkoba hauko kwenye ngozi, na kabla ya kugusa betri nautua.

Mkanda ni wa milimita 38. Ule wa 25 ulikata bega. Ncha zake zimeshonwa kwa mraba wenye X ndani, kila mstari mara mbili.

Ndani tumetia bitana ya rangi ya chungwa kali, iliyotoka kwenye fulana ileile ya mgodini. Kila mkoba niliowahi kuwa nao ulikuwa mweusi ndani, na kutafuta testa nyeusi kwenye shimo jeusi, gizani, kwa kurunzi iliyoshikwa na meno, ni adhabu niliyoizoea hata nikaisahau kwamba ni adhabu. Nadhani kwenye kazi hii yote kipande hiki ndicho kilichogharimu kidogo zaidi na kusaidia zaidi.

Papa aliuliza: "Mutoto, bintu byote bile biko na nyumba yabyo, ni weye tu utalala inje?"

17 Novemba

Mvua zimeanza, na sharti langu la tatu limekufa.

Pamba inakunywa. Dakika kumi barabarani na jaketi lilikuwa na uzito wa mtoto. Wazee wa pikipiki walilitatua hilo kwa kuipaka pamba nta, na nilikuwa nimeshayeyusha mishumaa sufuriani kabla sijakumbuka nta inafanya nini mbele ya cheche. Mke wangu alitaka kujua sufuria yake itarudije. Hajarudishiwa.

Kuna vile vitambaa vya ajabu. Mwaka 1969 Bob Gore alivuta kwa nguvu fimbo ya PTFE, ile plastiki ya kwenye sufuria zisizoshika chakula, iliyopashwa moto, ikanyumbuka na kuwa utando wa matundu madogo mno: tone la maji haliwezi kupita, mvuke wa jasho unapita. Ndiyo Gore-Tex. Lakini bei yake ni ya mtu anayepanda milima kwa hiari, na nje yake bado ni nailoni au polista. Nimerudi palepale.

Basi nguo moja haiwezi. Nimekubali. Mvua iko barabarani, cheche ziko kazini, na kati ya viwili hivyo kuna mlango wa mteja. Koti la mvua litavuliwa mlangoni. Ni vazi jepesi la kichwa mpaka magoti, linakunjwa na kuingia kwenye mfuko wake lenyewe, chini ya mkoba.

Nilipima vitambaa kwa bomba la maji la PVC la mita moja. Unafunga kitambaa mdomoni chini, unasimamisha, unajaza maji na kutazama ni urefu gani unaotoa tone la kwanza ndani. Maabara hufanya jambo hilohilo kwa mashine, na urefu wa maji hayo kwa milimita ndiyo ile namba inayoandikwa kwenye lebo. Jaketi za mlimani hutangaza 10,000 au 20,000. Kitambaa cha mwavuli kilitoa tone sentimita 30 hivi. Hema la mtumba lilivumilia bomba lote. Turubai la plastiki nalo lilivumilia, lakini nililivaa saa moja na nikalowa kwa jasho langu mwenyewe, hivyo faida ni ipi?

Hema limeshinda. Kasoro ikabaki kwenye mishono: kila tundu la sindano ni mlango. Nilichanganya silikoni ya madirisha na petroli nyeupe kidogo hadi ikawa kama uji, nikapaka kwa brashi ndani ya kila mshono, nje uani, mbali na moto. Baada ya siku moja imekauka. Mvua ya jana, ile ya saa tisa iliyogeuza barabara kuwa mto, niliingia kwa mteja wa mtaa wa Golf nikavua koti mlangoni, nikalikung'uta, na chini yake nilikuwa mkavu isipokuwa magoti. Magoti ni kwa sababu nikiketi koti linapanda. Ndiyo, nililipima nikiwa nimesimama. Sitaki kulizungumzia.

8 Desemba

Mwenzangu wa kazi, kijana ninayemfundisha, ameomba jaketi kama langu. Tumempeleka kwa Papa na karatasi za kukatia tayari, zilezile, zimepunguzwa mabega kidogo. Nilitegemea siku mbili.

Alilivaa, akaketi kwenye pikipiki, akafumba macho, akapeleka mkono kifuani. Mkono ukatua kwenye kitambaa kitupu. Akajaribu tena, akatua kwenye mgongo wa mfuko, upande usio na mdomo.

"Yaya," akasema, yaani kaka, macho bado kafumba, "mi niko wa kushoto. Mifuko yote iko ku upande ya bantu bengine."

Mwaka mzima nafanya naye kazi. Nimempa koleo mara elfu kwenye mkono wa kulia, naye kila mara akalihamisha, na mimi sikuona. Nikaangalia jaketi langu upya: mfuko wa kombo, testa na koleo pamoja, mkunjo wa bahasha, upande wa zipu ya mkoba, vyote vimechorwa kwa chaki kuzunguka mkono mmoja, wangu.

Papa alidhani ni rahisi, pindua karatasi tu, kama kioo. Tukapindua. Lakini pikipiki haipinduki: gesi na breki ya mbele viko kulia kwa kila mtu, kwa hiyo kwenye foleni mkono wake wa kushoto ndio uliopumzika tayari, na hauhitaji mfuko wa kombo namna yangu. Unaweza kushuka chini hadi nyongani bila shida. Alama zake tano za chaki zimetua chini kabisa, karibu na mkanda, zikiwa zimelala karibu sawa.

Papa amezitazama muda mrefu. Amechukua karatasi nyingine nyeupe, akaitandaza juu ya zangu, na kumwambia kijana aketi tena.